Geji ya flapu kwenye ndege ya kujitengenezea: isome bawa lenyewe, isisome swichi

FundiUmeme wa Ngamiani (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna mzee wangu mmoja hapa Tanga, upande wa Pongwe, yeye na vijana wake wanaunganisha ndege ya viti viwili ya alumini bandani kwake. Mimi ni fundi umeme wa magari na boti, kwa hiyo waya zote za ndege hiyo nimekabidhiwa mimi. Wiki hii tumefika kwenye geji ya flapu na ubishi umekuwa mkali. Nauleta hapa jamvini kwa sababu naona wengi wanaihesabu geji hii kuwa urembo wa dashibodi, ilhali mimi naiweka kwenye vitu vya kwanza kabisa vya kufikiriwa.

Kwa asiyejua, flapu ni vile vibawa vya nyuma, upande wa karibu na bodi, ambavyo rubani huvishusha anapotaka kutua. Aliyewahi kusimama karibu na uwanja wetu wa Tanga akaitazama Cessna Caravan inavyoingia ameziona: zinashuka taratibu nyuma ya bawa, pana kama meza, hadi digrii 30. Flapu ikishuka bawa linapinda zaidi, linabeba uzito kwa mwendo mdogo, na wakati huohuo linakokota hewa zaidi. Ndiyo maana ndege inaweza kuja polepole na bado isianguke.

Lakini kila kiwango cha flapu kina mwendo wake. Kwenye geji ya mwendo kuna upinde mweupe. Unapoanzia ndipo bawa linapoacha kubeba flapu zikiwa chini zote, na unapoishia ndipo mwisho wa mwendo unaoruhusiwa flapu zikiwa chini hivyo. Kwa Cessna 172 nyingi mwisho huo ni noti 85, kama kilomita 157 kwa saa. Na nguvu ya hewa hupanda kwa mraba wa mwendo. Ukikimbia noti 100 badala ya 85, flapu inasukumwa zaidi kwa asilimia 38 hivi. Bawaba na rodi ulizozifunga kwa mkono wako ndizo zinazobeba mzigo huo.

Upande wa pili ni kupaa, na kughairi kutua. Tuko usawa wa bahari, sawa, ila mchana wa kaskazi joto likifika nyuzi 32 hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba injini na bawa vinafanya kazi kama vile mko futi 2,000 juu. Ndege ndogo yenye flapu zote chini katika hewa hiyo haina akiba ya kupandia. Rubani aliyeghairi kutua anatakiwa apandishe flapu kwa hatua, siyo zote kwa mkupuo, na hatua hizo hawezi kuzifuata kama hajui flapu ziko wapi.

Wala msiseme hili ni la ndege ndogo tu. Detroit, tarehe 16 Agosti 1987, MD-82 ya Northwest ilipaa flapu na slati, yaani vibawa vya mbele ya bawa, zikiwa zimefungwa. Walikufa watu 156, na kati ya waliokuwa ndani alipona mtoto mmoja tu. Kengele ya kuwaonya haikulia kwa sababu haikuwa inapata umeme. Madrid, tarehe 20 Agosti 2008, MD-82 ya Spanair ikapaa vilevile bila flapu, kengele nayo ikanyamaza, wakafa 154. Hao walikuwa marubani wawili wawili, wenye kazi yao, na ndege zilizojaa taa za onyo. Sisi tunajenga ndege ya rubani mmoja na dashibodi ya kuchora wenyewe.

Sasa ubishi wenyewe: geji ichukue habari zake wapi?

Kijana mmoja pale bandani alitaka swichi yenye hatua, 0, 10, 20, 30, na vitaa vinne pembeni yake. Ukiweka 20 inawaka ya 20. Hiyo inakuonyesha ulichoagiza tu. Ni sawa na kumtuma mtoto dukani kisha ukahesabu sukari imeshafika kwa sababu umemtuma.

Wa pili alitaka sensa, yaani kifaa cha kuhisi kitu kimefika wapi, ifungwe kwenye mota. Mota ya flapu kwenye ndege hizi ni mota ya umeme yenye skrubu ndefu, inajisukuma mbele na kurudi nyuma. Hapo umesogea hatua moja, lakini bolti inayoshika mota na mkono wa flapu ikichomoka, mota itaendelea kutembea na geji itaendelea kusema 10, 20, 30, huku flapu ziko palepale.

Ninachokitetea mimi ni sensa kwenye lile bomba la kati linalozungusha flapu ya kulia na ya kushoto kwa pamoja, na juu ya hapo mistari ya rangi kwenye flapu zenyewe. Hiyo mistari ndiyo kipenzi changu, niieleze vizuri. Kichwa cha flapu, ile sehemu ya mbele iliyojikunja, flapu ikiwa juu hujificha chini ya bati la bawa. Ikishuka, inachomoza. Mnaishusha hadi digrii 10, mnapiga mstari mwekundu wa upana wa kidole nyuma kidogo ya pale bati linapoishia. Mnashusha 20, mstari wa pili. 30, wa tatu. Ndege ya mzee bawa lake liko chini, kwa hiyo rubani akigeuza shingo anaiona flapu yote. Akihesabu mistari miwili kulia na miwili kushoto, ana flapu 20 kila upande, na hakuna waya wala betri iliyohusika kumwambia hivyo.

Na jambo la fyuzi, tafadhali. Geji iwe na fyuzi yake, mota iwe na yake. Mota ikikwama ikachoma fyuzi, hapo ndipo unapoihitaji geji kuliko wakati wowote, ujue flapu zimekwama kiwango gani. Ukiwa umeziunganisha, vinakufa vyote kwa pamoja.

Karibuni wadau, nataka kusikia hasa wanaopinga.

Mtoto wa Chuda

Mkuu heshima kwako, uzi umeshiba. Mimi napinga kidogo. Nimemsikia rubani mmoja akisema yeye hana geji kabisa, anahesabu tu sekunde. Anajua mota yake inachukua sekunde kadhaa kufika nusu, anabonyeza swichi, anahesabu, anaachia. Gharama sifuri. Kwani lazima tuongeze vitu vya kuharibika?

FundiUmeme wa Ngamiani (mtoa mada)

Mkuu wa Chuda, hoja ni nzuri na wapo wengi wanaofanya hivyo. Tatizo liko kwenye mota. Mota ya betri haina mwendo mmoja. Chini, injini imezimwa, betri inatoa volti 12 na kidogo. Angani altaneta inachaji, unakuta volti 14. Mota inazunguka haraka zaidi kwa umeme huo. Halafu kuna hewa: unaposhusha flapu hewa inakupinga, mota inalemewa na kupunguza mwendo, unapopandisha, hewa inakusaidia na mota inakimbia. Kwa hiyo hesabu uliyoipima bandani siyo hesabu ya angani, na ya kushusha siyo ya kupandisha. Na grisi ya skrubu ikishakuwa nzito au ikipata vumbi, hesabu inabadilika tena bila kukuaga.

Ukishusha kidogo, ukapandisha kidogo, ukashusha tena, kosa dogo linajumlishwa juu ya lingine. Baada ya mizunguko michache hujui uko wapi. Kuhesabu ni kizuri kama ushahidi wa pili tu. Kama kawaida unahesabu hadi nne na leo umefika saba na geji haijafika, ujue mota ina shida.

Fundi Ndege Mstaafu

Vijana, salaam. Nimefanya kazi hangani maisha yangu yote, sasa nimepumzika Sahare, na uzi huu umenifurahisha.

Mtoa mada amesema vizuri kuhusu bomba la kati, lakini hajamaliza. Kutoka kwenye bomba hilo kuna rodi moja inaenda flapu ya kulia na nyingine ya kushoto. Bolti ya rodi moja ikichomoka, au kichwa cha rodi kikikatika, hewa itaisukuma flapu hiyo irudi juu, na ya upande wa pili itabaki chini. Bomba liko digrii 30, sensa yako ya kwenye bomba inasema 30, na ndege inabiringikia upande ambao flapu imepanda. Ukiwa karibu na ardhi una sekunde chache. Tulichofundishwa sote ni kwamba ukibadili flapu na ndege ikaanza kulala upande mmoja, rudisha flapu pale ulipoitoa, mara moja, kabla ya kuanza kutafuta sababu.

Nitawapa mfano unaoniuma hadi leo. Chicago, tarehe 25 Mei 1979, DC-10 ya American Airlines. Injini ya kushoto iling'oka ndege ikiwa inapaa, ikakata mabomba ya haidroliki, yale ya mafuta ya presha yanayoshikilia slati. Slati za bawa la kushoto, zile za mbele ya bawa, zikarudishwa ndani na hewa. Za kulia zikabaki nje. Taa ya kumwambia rubani kwamba slati hazilingani ilikuwa inapata umeme kutoka upande wa injini ileile iliyong'oka. Kwa hiyo haikuwaka. Wale marubani wakafuata utaratibu wa injini iliyokufa kama kitabu kilivyoagiza, wakapunguza mwendo, na bawa la kushoto likaacha kubeba. Walikufa watu 273, wakiwemo wawili waliokuwa ardhini. Utaratibu waliufuata. Habari ya bawa ndiyo hawakuwa nayo.

Kwa hiyo mwanangu wa Ngamiani, kama mzee ana uwezo, fungeni sensa mbili, moja kila flapu, mbali na bomba. Zikipishana zaidi ya digrii 5 taa nyekundu iwake. Kama hana uwezo huo, basi mistari yako ya rangi ni lazima, na rubani afundishwe kuangalia pande zote mbili kila anapobadili. Na msisahau pini ya usalama kwenye kila nati ya flapu. Nati isiyo na pini haifai kupaa.

FundiUmeme wa Ngamiani (mtoa mada)

Shikamoo mzee wangu. Hili la sensa mbili nalipeleka Pongwe kesho asubuhi. Sensa mbili ndogo ni gharama ndogo sana ukilinganisha na bati la bawa moja.

Kijana wa Chumbageni

Mkuu mimi nasoma elektroniki. Nimefikiria kutumia Arduino, ile kompyuta ndogo ya kuprogramu, na potenshiomita ya kawaida, yaani resista inayobadilika ukiizungusha au kuitelezesha, inasomeka kirahisi kabisa. Unashauri vipi? Tupe thamani za resista tafadhali, wengine tunajifunza kwa kujenga.

FundiUmeme wa Ngamiani (mtoa mada)

Hapa nitaandika kirefu kidogo, mdogo wangu, maana ndipo penye kazi yangu.

Wajenzi wengi wa ndege za kujiunganishia za kampuni ya Van's kule Marekani wanatumia sensa ndogo ya kuteleza ya kampuni ya Ray Allen, POS-12. Ndani yake ni potenshiomita tu, safari yake inchi 1.2, kama milimita 30. Ukiipata, vizuri. Usipoipata, kanuni ni ileile kwa potenshiomita yoyote nzuri.

Chukua ya kilo-omu 10 ya kupanda sawasawa, ambayo mara nyingi huandikwa B10K. Zile za sauti ya redio huwa na herufi A, zinapanda kwa mpindo, zitakusumbua. Ipe volti 5 zilizotulizwa na reguleta, usiipe volti za betri moja kwa moja, kwa sababu betri ikipanda na kushuka geji nayo itapanda na kushuka. Na hizo volti 5 ziwe zilezile Arduino inazotumia kupimia, ili zikiyumba ziyumbe kote kwa pamoja na hesabu ibaki sawa.

Sasa sikiliza hapa. Usiunganishe ncha za potenshiomita moja kwa moja kwenye volti 5 na kwenye ardhi, yaani upande hasi. Weka resista ya kilo-omu 1.2 kila ncha. Hapo waya wa katikati utakupa kuanzia karibu volti 0.5 hadi karibu 4.5, hautafika sifuri wala tano maishani mwake. Kisha kutoka waya wa katikati, upande wa Arduino, weka resista ya kilo-omu 470 kwenda ardhini. Waya wa kulisha ukikatika, unasoma sifuri. Waya wa katikati ukikatika, ile 470 inauvuta hadi sifuri. Waya wa ardhi ukikatika, unapanda karibu na tano. Kwa hiyo programu yako iambie: chini ya volti 0.3 au juu ya 4.7, usionyeshe namba yoyote, andika HITILAFU.

Nalisisitiza hili kwa moyo wote. Geji ya kawaida waya wake ukikatika inaonyesha sifuri, na sifuri kwa rubani maana yake ni flapu ziko juu. Yaani ubovu wa geji unafanana na habari njema. Rubani anaona sifuri, anaongeza mwendo, na flapu ziko chini zote. Geji isiyoweza kusema "sijui" haifai kwenye ndege.

Kuhusu hapa kwetu, adui mkubwa ni chumvi. Nimefungua swichi za boti za Tanga za kutosha kujua kwamba potenshiomita iliyo wazi haimalizi misimu mingi. Njia ya kaboni inachakaa, unyevu wa chumvi unaingia, mshale unaanza kurukaruka. Kwa hiyo angalia sensa ya sumaku, kwa mfano AS5600. Hakuna kinachogusana: kipande kidogo cha sumaku kinazunguka milimita moja au mbili juu ya chipu, nayo inagawa mzunguko mzima kwa hatua 4,096. Tena inajua sumaku ikidondoka au ikiwa mbali mno, na inaweza kukuambia. Sharti lake ni kwamba sumaku ikae mbali na dira. Kwenye bomba la flapu nyuma ya viti uko salama, lakini iangalie dira kabla na baada ya kufunga.

Ukitaka kuziba maungio usitumie ile silikoni ya madukani inayonuka siki. Ule mnuko ni asidi, na asidi hiyo inakula shaba. Utafungua baada ya miezi michache ukute waya una rangi ya kijani ndani ya ile silikoni uliyodhani inaulinda. Tafuta isiyonuka siki, au tumia mpira wa kubana kwa joto wenye gundi ndani. Na waya uwe wa shaba iliyopakwa bati, siyo shaba tupu.

Kijana wa Chumbageni

Asante sana mkuu. Ile ya resista za pembeni sikuwahi kuiona darasani. Nimeielewa.

Rubani wa Pwani

Niongeze mawili kutoka kwenye kiti.

La kwanza, jua. Saa saba mchana unaingia Tanga juu ya maji, mwanga unatoka juu na chini, na vitaa vya LED ambavyo bandani viling'aa vizuri huvioni kabisa. Unajikuta unaziba dashibodi kwa kiganja ili usome. Wekeni mshale, au skrini inayosomeka juani. Kama ni LED basi ziwe kali na ziwe na kificho juu yake, na ziwe na namna ya kupunguzwa jioni.

La pili, redio. Kuna ndege ndogo niliyowahi kupanda ambayo kila nikibonyeza kitufe cha kuongea mshale wa flapu ulikuwa unaruka hadi 30 kisha unarudi. Ukizoea kitu kama hicho umeshaacha kuiamini geji, na siku itakayosema kweli hutaisikiliza.

FundiUmeme wa Ngamiani (mtoa mada)

Dawa ya hiyo ya pili: kebo ya sensa iwe yenye ngao, ngao iungwe ardhini upande mmoja tu, na ipite mbali na kebo ya antena na waya za magneto, zile za cheche za injini. Upande wa geji weka kapasita ya maikrofaradi 0.1 kati ya waya wa katikati na ardhi. Kisha jaribu chini kabla ya kupaa: injini inawaka, redio inatuma, mota ya flapu inazunguka, vyote pamoja. Mshale usitikisike.

Mwana Bagamoyo

Wadau, mimi niko Bagamoyo. Ndoto yangu ni ndege ya njia fupi, aina ya Zenith CH 701. Ile haina flapu za peke yake, bawa zima nyuma ni kipande kimoja kinachofanya kazi ya flapu na ya kulaza ndege kwa pamoja. Sensa naweka wapi? Nikiweka kwenye bawa, si itasoma kila ninapogeuza usukani?

FundiUmeme wa Ngamiani (mtoa mada)

Swali zuri kuliko yote humu. Naam, itasoma yote mawili. Una njia mbili. Ya kwanza, sensa ikae kwenye mkono wa flapu, kabla ya pale miondoko miwili inapochanganyika. Utapata flapu peke yake, ila umerudi kwenye kosa la kusoma agizo badala ya bawa. Ya pili, sensa moja kila bawa, kisha programu ichukue wastani. Ukilaza ndege, kipande kimoja kinapanda na kingine kinashuka, kwenye wastani vinafutana, kinachobaki ni flapu. Haitakuwa kamili, kwa sababu ndege nyingi upande unaopanda hupanda zaidi ya unaoshuka, lakini usukani ukiwa katikati utasoma vizuri, na usukani ukiwa katikati tofauti yoyote kati ya kulia na kushoto inakuambia kuna kitu kimelegea. Mimi ningechukua ya pili.

Na fukwe za Bagamoyo, hata mchanga uwe mgumu namna gani, zungumza na TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kwanza. Mzee wa Pongwe alianza na wao kabla hajapiga riveti ya kwanza.

Mzee wa Lushoto Road

Mnachosha vijana. Piper Cherokee flapu zake zinavutwa kwa mkono, kile chuma cha kati ya viti. Kituo cha kwanza 10, cha pili 25, cha tatu 40. Mkono wako ndio geji. Wekeni chuma, achaneni na umeme.

FundiUmeme wa Ngamiani (mtoa mada)

Mzee wangu, nakubaliana na wewe kabisa, na laiti ramani za ndege hii zingekuwa na chuma cha mkono ningefurahi. Mkono unahisi hata uzito wa hewa: ukivuta na ukakuta chuma ni chepesi mno, unajua rodi imeachia. Ndege za Long-EZ zilikwenda mbali zaidi, hazina flapu kabisa, zina breki ya hewa tumboni tu. Lakini hii imechorwa na mota, na kubadili mchoro wa nguvu za bawa si kazi ya banda letu.

Rubani wa Pwani

Swali la mwisho kwangu: geji mnaiweka wapi kwenye dashibodi? Nimeona watu wanaweka popote palipobaki tundu.

FundiUmeme wa Ngamiani (mtoa mada)

Juu ya swichi ya flapu, ndani ya upana wa kiganja, na mshale ushuke chini flapu zikishuka. Jicho na kidole viende mahali pamoja. Mwanamuziki John Denver alikufa tarehe 12 Oktoba 1997 huko California akirusha Long-EZ iliyojengwa na mtu mwingine. Mjenzi alikuwa amehamisha swichi ya kuchagua tangi la mafuta akaiweka nyuma ya bega la kushoto la rubani, haikuwa na alama, na geji za mafuta nazo hazikuwa na alama. Wachunguzi waliyataja hayo yote. Ni mafuta, siyo flapu, lakini ni ndege ya kujitengenezea na ni uamuzi wa mtu mmoja bandani kuhusu kitu kikae wapi.

Mtoto wa Chuda

Nimenyoosha mikono mkuu. Sasa nambie mnapimaje hizo digrii, maana pima maji ya fundi ujenzi haina 10 na 20.

FundiUmeme wa Ngamiani (mtoa mada)

Pima maji ya kidijitali ipo madukani, na hata simu yenye programu ya kupima pembe inatosha kama utaipima kwanza juu ya kioo kilichonyooka. Ndege isimame, magurudumu yafungwe. Flapu ikiwa juu kabisa unaweka kipimo juu ya bati la flapu, unakiweka sifuri. Unashusha hadi 10 ya kipimo, siyo ya geji, unaandika volti. Kisha 20, kisha 30. Halafu unarudi juu, 20, 10, 0, unaandika tena, kwa sababu kukiwa na ulegevu kwenye maungio namba za kurudi hazitalingana na za kwenda, na huo ulegevu unatakiwa utafutwe kabla hujaendelea.

Usitegemee volti zipande sawasawa. Mkono wa bomba unazunguka kwa duara na sensa inateleza kwa mstari, kwa hiyo kati ya 0 na 10 unaweza kupata hatua kubwa kuliko kati ya 20 na 30. Programu ishike namba zote nne ulizopima. Fanya kulia, fanya kushoto. Namba hizo ziandike kwenye kitabu cha ndege, tarehe na jina, na kila ukaguzi mkubwa zipimwe upya.

Kesho tunafunga mota. Nikishapima nitaziweka hapa, za kulia na za kushoto.